Chama kikishindwa uchaguzi, kiongozi mpya hupatikanaje? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Conservative ya Uingereza

Naishi Leicester, katikati ya Uingereza, na tangu Julai 2024 simu yangu haijapoa kwa maswali ya siasa za hapa. Shemeji yangu wa Tanga anashangaa chama kuhangaika miezi minne kutafuta kiongozi mmoja. Binamu yangu wa Mombasa anataka kujua kama wabunge walicheza mchezo. Na wazee wa Kihindi wa mtaa wa Belgrave, waliozaliwa Jinja na Kisumu na wanaokijua Kiswahili kuliko watoto wangu, huuliza kwa uchungu zaidi, maana chama hiki kina historia na familia zao.

Nimeyakusanya maswali yao hapa. Yote yanahusu Conservative, kwa kuwa hesabu za kila duru zilitangazwa hadharani na mtu anaweza kuzifuatilia mwenyewe. Msimamo wangu nausema mapema: ukitaka kujua chama kitapata kiongozi wa namna gani, anza kwa kuangalia kura iko mikononi mwa nani. Wagombea utawaangalia baadaye.

Conservative walishindwa kiasi gani?

Vibaya kuliko wakati wowote katika historia ya chama hicho. Tarehe 4 Julai 2024 walipata wabunge 121 katika Bunge la watu 650. Uchaguzi wa 2019 walikuwa wamepata 365. Kura zao zilishuka hadi asilimia 23.7. Wapinzani wao wakuu, Labour, walichukua viti 411 na kiongozi wao Keir Starmer akawa waziri mkuu.

Hapa Leicester kulitokea jambo la pekee. Jimbo la Leicester East ndilo pekee nchi nzima ambalo Conservative walilinyakua kutoka chama kingine siku ile. Kwingine kote walikuwa wanapoteza au wanashikilia walichonacho.

Walishindwa kwa sababu gani?

Kila kambi ndani ya chama ina jibu lake, na ugomvi wa kutafuta kiongozi ulikuwa hasa ugomvi juu ya jibu hilo. Wako waliosema watu walichoshwa na visa: sherehe za ofisini kwa waziri mkuu wakati wa marufuku ya korona, ambazo Boris Johnson alitozwa faini kwa ajili yake, kisha bajeti ndogo ya Liz Truss ya Septemba 2022 iliyotikisa masoko ya fedha, kisha Rishi Sunak kuondoka mapema kwenye kumbukumbu za Normandy, Juni 2024, katikati ya kampeni. Wengine walisema tatizo ni uhamiaji, kwamba waliahidi kupunguza idadi ya wahamiaji na idadi ikapanda. Hao walionyesha kidole chama cha Reform cha Nigel Farage, kilichopata asilimia 14.3 ya kura ingawa kiliambulia viti vitano tu.

Ukiamini jibu la kwanza utamtafuta mtu mtulivu na mwenye kuaminika. Ukiamini la pili utamtafuta mkali. Chama hakikuwahi kukaa kitako kuamua ni jibu lipi kabla ya kuchukua fomu, na naona hilo ndilo kosa kubwa lililofanyika kiangazi kile.

Sunak alijiuzulu. Mbona aliendelea kukaa?

Asubuhi ya tarehe 5 Julai alitangaza kwamba ataachia uongozi wa chama, ila baada ya utaratibu wa kumpata mrithi kukamilika. Bunge lisingeweza kukaa bila Kiongozi wa Upinzani, kwa hiyo aliubeba wadhifa huo hadi Novemba. Watu wa kwetu walimfuatilia kwa karibu: baba yake alizaliwa Kenya, mama yake Tanganyika. Mzee mmoja wa Belgrave aliniambia hakumpigia kura hata mara moja, lakini asubuhi ile alimwonea huruma kama mtoto wa jirani.

Kwani kiongozi wa chama si ndiye mwenyekiti?

Swali hili hutoka zaidi Tanzania, ambako mwenyekiti ndiye mkubwa wa chama. Uingereza, mwenyekiti wa Conservative huteuliwa na kiongozi na kazi yake ni ya kuendesha chama: ofisi, matawi, fedha, kampeni. Mwenye sauti ya mwisho ni kiongozi. Chama kikiwa na wabunge wengi yeye huwa waziri mkuu, na kikiwa upinzani yeye huwa Kiongozi wa Upinzani Bungeni (KUB), hupanga mawaziri vivuli na kumbana waziri mkuu kwa maswali sita kila Jumatano Bunge likiwa linakutana.

Nani anaruhusiwa kugombea?

Mbunge aliyeko bungeni, basi. Sharti hilo linaonekana dogo, lakini baada ya kipigo linakata pakubwa. Penny Mordaunt, ambaye wengi walimtaja kuwa kiongozi ajaye, alipoteza jimbo lake la Portsmouth North usiku ule ule, na ndoto ikaishia hapo. Wapiga kura wa kawaida wa mji mmoja wa bandari walikuwa wamekwisha kumchuja kabla chama hakijatoa fomu. Liz Truss naye aliangushwa jimboni kwake kwa kura 630.

Kwa mwaka 2024 mgombea alihitaji kuungwa mkono na wabunge 10. Fomu zilifungwa tarehe 29 Julai na waliotimiza walikuwa sita: Kemi Badenoch, James Cleverly, Robert Jenrick, Priti Patel, Mel Stride na Tom Tugendhat.

Kamati ya 1922 inayotajwa kila mara ni kitu gani?

Ni umoja wa wabunge wa Conservative wa kawaida, wale wasio na vyeo serikalini. Ulianzishwa 1923 na wabunge walioingia kwa mara ya kwanza katika uchaguzi wa 1922, ndiyo maana ya jina. Kamati hii ndiyo hupanga ratiba ya kumpata kiongozi na kuhesabu kura za wabunge. Mwenyekiti wake wakati huo alikuwa Bob Blackman.

Kura zilikwendaje, hatua kwa hatua?

Kuna ngazi mbili. Kwanza wabunge wanapiga kura ya siri kwa duru, na kila duru anayeshika mkia anatoka, mpaka wabaki wawili. Kisha wale wawili wanapelekwa kwa wanachama wa chama nchi nzima.

Duru ya kwanza ilikuwa tarehe 4 Septemba: Jenrick 28, Badenoch 22, Cleverly 21, Tugendhat 17, Stride 16, Patel 14. Patel akatoka. Yeye ni binti wa wazazi waliotoka Uganda, na alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani ndiye aliyekwenda Kigali Aprili 2022 kutia saini mpango wa kuwapeleka Rwanda waomba hifadhi. Wazee wa hapa mtaani wamegawanyika vibaya juu yake. Tarehe 10 Septemba alitoka Stride kwa kura 16.

Halafu wakasimama. Wanne waliobaki walipelekwa kwenye mkutano mkuu wa chama uliofanyika Birmingham, kila mmoja akapanda jukwaani kujinadi mbele ya wanachama. Huko Cleverly alifanya vizuri kuliko wote. Aliwaambia chama kiombe radhi na kiwe na watu wa kawaida zaidi, wenye tabasamu. Ukumbi ukampenda.

Tarehe 8 Oktoba matokeo yakaonyesha hivyo: Cleverly 39, Jenrick 31, Badenoch 30, Tugendhat 20. Tugendhat akatoka. Wabunge wake 20 walikuwa wanatafuta pa kwenda, na Cleverly alihitaji wawili watatu tu wa kumhakikishia nafasi.

Siku iliyofuata: Badenoch 42, Jenrick 41, Cleverly 37. Aliyeongoza kura jana yake akatupwa nje.

Imewezekanaje mtu aongoze Jumanne na atolewe Jumatano?

Hili ndilo swali la binamu yangu, nalo linastahili jibu refu.

Kura ni ya siri, kwa hiyo hakuna anayeweza kuapa. Lakini zitazame hesabu. Kura 20 za Tugendhat zilikuwa huru, na watu wengi walitarajia nyingi ziende kwa Cleverly kwa kuwa wote wawili ni watu wa mrengo wa wastani. Badala yake yeye alipungukiwa na mbili, Badenoch akaongezewa 12 na Jenrick 10. Maelezo yaliyozagaa bungeni usiku ule ni kwamba baadhi ya wafuasi wa Cleverly waliona mtu wao amekwisha kupita, wakaanza kumchagulia mpinzani wa fainali. Huyu akampa Badenoch ili Jenrick atoke, yule akampa Jenrick ili Badenoch atoke, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Walipohesabu, mtu wao ndiye aliyekuwa chini.

Nimewahi kushika daftari la kuhesabu kura katika uchaguzi wa jumuiya yetu ya Waswahili hapa, na nilijifunza kwamba mpiga kura akianza kupiga hesabu za wenzake badala ya kuandika jina analolitaka, matokeo huwa si ya mtu yeyote. Kati ya wabunge 120 waliopiga kura siku ile, mmoja mmoja alikuwa na uzito wa kutisha. Badenoch na Jenrick walitofautiana kwa kura moja.

Chama hiki kilishaonja hayo. Mwaka 2001, baada ya kushindwa tena na Tony Blair wa Labour, duru ya mwisho ya wabunge ilimpa Kenneth Clarke 59, Iain Duncan Smith 54, Michael Portillo 53. Kura moja ilimzuia Portillo asifike kwa wanachama. Wanachama walipopewa Clarke na Duncan Smith, wakamchagua Duncan Smith kwa wingi, 155,933 dhidi ya 100,864. Miaka miwili baadaye wabunge walewale wakamwondoa kwa kura 90 dhidi ya 75, kabla hajaongoza chama katika uchaguzi mkuu hata mmoja.

Na wanachama waliamua nini 2024?

Matokeo yalitangazwa tarehe 2 Novemba. Badenoch alipata kura 53,806, sawa na asilimia 56.5, Jenrick 41,388. Wanachama wenye haki ya kupiga kura walikuwa 131,680 na waliopiga hawakufika robo tatu. Miaka miwili kabla, katika kinyang'anyiro cha Truss na Sunak, daftari lilikuwa na watu 172,437. Kwa hiyo chama kilipoteza wanachama zaidi ya 40,000 katika muda huo. Hiyo tarakimu inanisumbua kuliko zote, kwa sababu wanaoondoka mara nyingi huwa ndio wenye joto dogo, na wanaobaki kumchagua kiongozi ni wale wenye moto.

Badenoch alizaliwa London 1980 na wazazi kutoka Nigeria, akakulia zaidi Lagos. Ndiye mtu mweusi wa kwanza kuongoza chama kikubwa cha Uingereza, na mwanamke wa nne kuongoza Conservative, baada ya Margaret Thatcher, Theresa May na Truss.

Utaratibu huu wa ngazi mbili ulitoka wapi?

Ulitoka kwenye vipigo. Karibu kila kanuni ya chama hiki kuhusu uongozi iliandikwa baada ya kushindwa.

Kabla ya 1965 hakukuwa na kura kabisa. Wakubwa walinong'onezana vyumbani, na jina likatokea. Baada ya kupoteza uchaguzi wa 1964 wakaona aibu, wakawapa wabunge kura. Wa kwanza kuchaguliwa hivyo alikuwa Edward Heath, Julai 1965, kwa kura 150 dhidi ya 133 za Reginald Maudling na 15 za Enoch Powell.

Hapa ndipo wazee wa Belgrave wanapoinua vichwa. Maana Heath ndiye aliyekuwa waziri mkuu Agosti 1972, Idi Amin alipowapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke. Powell alikuwa mpinzani mkali wa uhamiaji. Heath alifungua mlango na zaidi ya watu 27,000 wakaingia Uingereza. Halmashauri ya Leicester ilitangaza kwenye gazeti la Uganda kuwaomba wasije mjini hapa, na wakaja. Mzee mmoja wa Jinja hurudia kuniambia kwamba kama wale wabunge wangemchagua mwingine mwaka 1965, hajui angezeekea wapi. Namwamini. Watu hudhani uchaguzi wa ndani ya chama ni mambo ya wenyewe, lakini miaka saba baadaye unaweza kuwa ndio unaoamua nani anapata viza.

Heath mwenyewe alipoteza chaguzi mbili mwaka 1974 na hakutaka kuondoka. Februari 1975 Thatcher akamshinda duru ya kwanza kwa 130 dhidi ya 119, Heath akajitoa, na wiki moja baadaye Thatcher akawafagia waliobaki kwa kura 146. Kisha kikaja kipigo cha 1997, chama kikabaki na viti 165, na kiongozi mpya William Hague akawapa wanachama wa kawaida neno la mwisho. Kanuni hiyo ya 1998 ndiyo inayotumika mpaka sasa.

Je, ni sawa wanachama kuwa na neno la mwisho?

Mimi naona wabunge ndio wangepaswa kuwa na neno la mwisho, na najua shemeji yangu atanikasirikia.

Kiongozi wa upinzani anafanya kazi na wabunge kila siku. Wasipomtaka, hawezi kufanya lolote. Tazama Labour: baada ya kushindwa 2015 walimchagua Jeremy Corbyn kwa asilimia 59.5, ingawa wabunge kadhaa waliomdhamini walikiri walifanya hivyo ili mjadala uwe mpana tu. Mwaka uliofuata wabunge wakampigia kura ya kutokuwa na imani, 172 dhidi ya 40, na wanachama wakamrudisha kwa kishindo. Ni kweli uchaguzi wa 2017 aliongeza viti. Lakini 2019 chama kikaangukia viti 202, vichache kuliko wakati wowote tangu 1935. Kwa upande wa Conservative, mwaka 2022 wabunge walimweka Sunak wa kwanza kwa kura 137 dhidi ya 113 za Truss. Wanachama wakampa Truss. Siku 49 baada ya Truss kuingia ofisini, Sunak akawa waziri mkuu bila mwanachama yeyote kupiga kura.

Hoja ya upande wa pili ninaiheshimu. Mwanachama anayegonga milango ya watu kwenye mvua ya Februari bila malipo anataka kuhesabiwa, na bila yeye chama ni genge la wabunge tu. Wanachama wa Labour ndio waliompa Starmer asilimia 56.2 mwezi Aprili 2020, na miaka minne baadaye akawa waziri mkuu.

Siku 120 si nyingi mno?

Kutoka 5 Julai hadi 2 Novemba ni siku 120 kamili. Waliotaka muda mrefu walisema chama kifanye matanga kwanza. Walisema kweli, lakini matanga yenyewe hayakufanyika. Ilikuwa kampeni mwanzo mwisho. Mwezi ukishapita, wagombea huwa hawazungumzi tena kuhusu sababu za kushindwa, wanazungumza kuhusu wao kwa wao.

Mbona Chadema walimaliza kwa usiku mmoja?

Kwa kuwa waliopiga kura walikuwa chini ya ukumbi mmoja. Wajumbe wa Mkutano Mkuu, karibu elfu moja, walikusanyika Mlimani City, Dar es Salaam, tarehe 21 Januari 2025, na asubuhi iliyofuata Tundu Lissu akatangazwa kuwa mwenyekiti kwa kura 513 dhidi ya 482 za Freeman Mbowe. Ulikuwa uchaguzi wa kawaida wa ndani wa chama kwa mujibu wa kalenda yake, ila ulikuja wiki nane tu baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa 27 Novemba 2024, ambao CCM ilitangazwa kushinda karibu kila mahali. Mjumbe wa Mlimani City aliwasikia wagombea na akapiga kura saa hizo hizo. Mwanachama wa Conservative alipiga kwa intaneti au kwa posta akiwa nyumbani, akiwajua wagombea zaidi kwa televisheni.

Walioshindwa hupewa nini?

Inategemea busara ya mshindi. Badenoch alimpa Jenrick uwaziri kivuli wa sheria, Patel mambo ya nje, Stride fedha. Cleverly alikataa cheo, kisha akarudi Julai 2025. Mara nyingine mshindwa hushinda kwa njia nyingine. Jenrick aligombea kwa ahadi ya kuitoa Uingereza kwenye Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, na Badenoch alikataa kujifunga kwa ahadi hiyo. Oktoba 2025 Badenoch akatangaza kwamba hiyo sasa ndiyo sera ya chama.

Kiongozi mpya ameinua chama?

Mtihani wake wa kwanza, uchaguzi wa madiwani wa Mei 2025, ulikuwa mchungu. Conservative walipoteza madiwani zaidi ya 600 na Reform wakavuna karibu idadi hiyo hiyo. Walewale waliowakimbia 2024 walikuwa bado hawajarudi.

Wabunge wanaweza kumwondoa kabla ya uchaguzi mkuu?

Ndiyo. Kwa miaka mingi asilimia 15 ya wabunge wakimwandikia barua mwenyekiti wa Kamati ya 1922, kura ya imani ilikuwa lazima. Theresa May aliishinda Desemba 2018 kwa 200 dhidi ya 117, na Boris Johnson Juni 2022 kwa 211 dhidi ya 148. Miezi michache baada ya kushinda, kila mmoja wao alikuwa ametangaza kuondoka.

Mimi ni Mkenya, Mtanzania au Mganda ninayeishi Uingereza. Yananihusu?

Kumchagua kiongozi wa chama ni kwa wenye kadi tu, na Conservative hutaka uwe umejiunga kwa miezi mitatu kabla. Kura ya Bunge ni jambo jingine, na hapa naomba unisikilize. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola mwenye umri wa miaka 18 na ruhusa halali ya kukaa, hata akiwa kwa viza ya masomo, ana haki ya kupiga kura ya ubunge. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zimo. Burundi na Kongo hazimo. Nimekutana na watu wamekaa hapa miaka kumi hawajui hilo, na wenye kampeni hawapiti milangoni mwao kwa kuwa majina yao hayamo daftarini. Kujiandikisha ni bure kwenye tovuti ya serikali, dakika tano, uwe na namba yako ya bima ya taifa. Siku ya kura utatakiwa kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya nchi yako ya Jumuiya ya Madola inakubalika.